Kusaka picha zako mtandaoni: utafute mwenyewe au ulipie huduma?

Ukiwa mpigapicha unayetaka kujua nani anatumia picha zako bila ruhusa, kutafuta mwenyewe ni bure, ila kunakula muda. TinEye, tovuti unayoipa picha ikaitafuta mtandaoni, hutafuta picha ileile, hata iliyokatwa pembeni, na matokeo yake unaweza kuyapanga kuanzia la zamani zaidi. Google Lens, zana ya Google ya kazi hiyohiyo, hutupa wavu mpana, lakini hukuletea pia picha zinazofanana tu. Anza na picha kumi zinazokuingizia pesa, uzitafute kila mwezi. Picha ikiwa na mtu au jengo upande mmoja, kata kipande hicho ukitafute peke yake.

Huduma za ufuatiliaji kama Pixsy huendelea kutafuta wewe ukiwa kazini. Mwenye maelfu ya picha hana njia nyingine ya maana. Mwenye hamsini anaweza kungoja. Huduma hizi zikidai fidia kwa niaba yako, hukata sehemu yao. Tatizo kubwa ni kwamba mfumo haujui nani ana ruhusa. Mteja aliyelipa kupitia wakala huonekana sawa na mwizi, na barua ya madai ikimfikia, umempoteza. Kwa hiyo weka daftari la leseni: picha ipi, nani, kwa matumizi gani, hadi lini. Bila daftari hilo, bora ubaki na utafutaji wa mkono.

Hakuna kati ya njia hizi inayoingia kwenye magrupu ya WhatsApp wala akaunti zilizofungwa.

Ukiikuta picha, usikimbilie kuandika barua pepe. Piga kwanza picha ya skrini inayoonyesha anwani kamili ya ukurasa na tarehe, kwa sababu ukurasa huo unaweza kufutwa mara tu barua yako ikisomwa.