Miezi Mitano na Poda Nne za Mashavu za Rangi ya Joto

Tangu mwishoni mwa Novemba hadi masika yalipokolea mwezi Aprili nimekuwa nikijaribu poda nne za mashavu, zile ambazo wengi wetu tunaziita blashi, zote zikiwa za rangi ya joto: moja ya pichi, moja ya matumbawe, moja ya chungwa iliyokolea na moja ya wekundu wa matofali. Kila moja niliipaka kwa siku zisizopungua kumi za kazi, nikiwa nimemaliza kujipamba saa 12:30 asubuhi na kujitazama tena saa 6 mchana na saa 11 jioni. Naishi Kigamboni na kufanya kazi mapokezini katika ofisi moja katikati ya Dar es Salaam, kwa hiyo uso wangu huanza siku kwa upepo wa chumvi kwenye kivuko, ukaingia kwenye kiyoyozi kwa saa nane, kisha ukarudi kwenye jua na foleni ya jioni. Ngozi yangu ni nyeusi, ina mafuta kwenye paji la uso na puani, na mashavuni ni kavu kidogo. Nayaeleza haya mapema kwa sababu tathmini ya poda ya mashavu haina maana msomaji asipojua ilipakwa kwenye ngozi gani na katika hali gani ya hewa.

Ninaposema rangi ya joto nina maana ya rangi ambayo ndani yake kuna manjano au chungwa, tofauti na waridi na zambarau zinazoelekea kwenye buluu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikishauriwa madukani ninunue waridi, na kwa miaka mingi nilitoka nyumbani mashavu yakiwa kama yamepigwa na baridi, jambo lisilowezekana katika mji huu. Rangi za joto sikuzifikiria mpaka nilipokumbuka kwamba bibi yangu, mama wa mama yangu, alikuwa akisaga liwa kwenye msio na kujipaka dalia yenye umanjano siku za harusi, na kwamba umanjano ule haukuwahi kuonekana mgeni usoni mwake. Ulionekana kama mwanga wa jioni umemwangukia. Nilianza kutafuta kitu cha namna hiyo.

Poda ya kwanza, ya pichi, niliinunua kwa sababu ndani ya kikasha ilikuwa na rangi nzuri kuliko zote. Sitaitaja jina, maana huenda ikamfaa kabisa mtu mwenye ngozi nyeupe zaidi yangu. Ilikuwa laini ajabu. Ukiigusa kwa kidole ilihisi kama unga wa mhogo uliochekechwa mara mbili, na brashi ilipopita haikutoa vumbi hata kidogo. Kama ningetoa alama kwa ulaini peke yake, hii ingeshika nafasi ya kwanza bila mjadala. Lakini mashavuni ilinipa majivu. Nilipaka safu moja, haikuonekana. Nikaongeza ya pili, ikaonekana kama vumbi la barabarani. Ya tatu ilikuwa kama chokaa iliyopakwa juu ya ukuta wa udongo. Kufikia saa 6 mchana mafuta ya ngozi yalikuwa yameilowesha hapa na kuiacha kavu pale, na mashavu yakawa na mabaka.

Nilitaka kujua sababu, kwa hiyo niligeuza kikasha nikasoma viambato. Cha kwanza kilikuwa talki, ambayo ndiyo unga mkuu wa poda nyingi za kukandamizwa, na mbele kidogo kulikuwa na titani dioksidi, inayoandikwa pia CI 77891 (CI ni kifupi cha Colour Index, orodha inayoipa kila rangi namba yake). Hii ya pili ni rangi nyeupe yenye uwezo mkubwa sana wa kuficha kilicho chini yake, na watengenezaji huitumia kuifanya nyekundu iwe waridi na chungwa iwe pichi, kama vile mpaka rangi wa nyumba anavyopunguza ukali wa rangi kwa kuongeza nyeupe. Kwenye ngozi nyeupe ule weupe hupotea ndani ya ngozi yenyewe. Kwenye ngozi nyeusi hauna pa kupotelea, na ndio unaoonekana kwanza kabla ya rangi uliyoilipia. Ndiyo maana kuongeza safu hakukunisaidia: kila nilipoongeza pichi niliongeza na nyeupe.

Hata hivyo, orodha ya viambato haitoshi kukupa uamuzi. Mara nyingi mwishoni mwake kuna alama ya kujumlisha na kutoa ikifuatwa na namba za rangi, na maana yake ni kwamba kampuni imeorodhesha rangi zote zinazoweza kuwamo katika toleo hilo zima, si lazima ziwemo zote katika kikasha ulichokishika. Kwa hiyo sasa natumia jaribio jingine, ambalo halina gharama. Nachukua poda kwa kidole, naipaka kwenye ngozi iliyo chini ya kiwiko, upande wa ndani, kisha naisugua kuelekea pembeni mpaka inakaribia kupotea, na natazama ukingo wake nikiwa karibu na dirisha au mlango, kamwe si chini ya taa za dukani. Ikiwa ukingo unapotea ukiwa bado na rangi, poda hiyo naipa nafasi. Ikiwa rangi inatangulia kupotea na nyuma yake inabaki weupe kama wa mguu uliokosa mafuta, nairudisha kwenye meza na kushukuru.

Poda ya matumbawe nitaipitia haraka, na hiyo pia haina haja ya jina. Rangi yake yenyewe ilikuwa nzuri, nyekundu yenye chungwa na isiyo na majivu, lakini ilijaa chembe za kumetameta kubwa kiasi cha kuhesabika. Mng'ao katika poda hizi kwa kawaida hutokana na maika, madini yanayokatika katika vipande vyembamba mno, na vipande vikiwa vidogo ngozi huonekana kama ina unyevu wa afya. Vikiwa vikubwa hukaa juu ya ngozi kila kimoja peke yake, huonyesha kila kitundu cha shavu, na huhama. Saa 11 jioni rangi ilikuwa imeondoka na chembe zilikuwa zimebaki, nyingine zikiwa shingoni.

Ya tatu ni Taj Mahal ya NARS, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1994 na mpambaji wa Kifaransa François Nars, akianza na rangi 12 za midomo katika duka la Barneys huko New York. Wengi wanaijua kampuni hii kwa ile poda yake ya pichi na waridi yenye dhahabu iliyotoka mwaka 1999, lakini kwa ngozi kama yangu naona Taj Mahal ndiyo inayostahili sifa hizo. Ndani ya kikasha inatisha. Ni chungwa iliyokolea, yenye dhahabu, rangi ya embe dodo lililoachwa mtini siku mbili zaidi, na mdogo wangu aliponiona naifungua aliniuliza kama natarajia kweli kutoka nayo nje. Nilimwomba asubiri. Niligusa poda mara moja tu kwa ncha ya brashi, nikakung'uta, nikaanzia juu ya mfupa wa shavu na kurudi nyuma kuelekea sikioni, na chungwa lile likageuka. Lilipokutana na weusi wa ngozi halikubaki chungwa tena, bali likawa joto, kama damu imepanda usoni baada ya mtu kupanda ngazi. Hapo ndipo nilipoelewa vizuri jinsi rangi inavyofanya kazi kwenye ngozi nyeusi: ngozi yenyewe ni sehemu ya mchanganyiko, na inahitaji kupewa rangi kali zaidi ili itoe matokeo ya upole.

Mng'ao wake wa dhahabu ni mwembamba na umesambaa, na sikuona chembe moja moja hata nilipopigwa picha juani. Kwenye kiyoyozi ilikaa saa nane bila kubadilika. Katika wiki mbili za Februari, kaskazi ilipokuwa imetulia na hewa imejaa unyevu mpaka nguo hazikauki, bado niliiona shavuni nikiwa kwenye kivuko cha kurudi, ikiwa imepungua lakini kwa usawa, bila mabaka, na kwangu usawa huo ni muhimu kuliko idadi ya saa. Kikasha kina gramu 4.8, kiasi kinachoonekana kidogo mpaka utambue ni poda kiasi gani tu inatoka kila asubuhi. Siipaki siku za msiba wala siku ya kikao kirefu cha ofisi, kwa sababu dhahabu ni dhahabu na ina mahali pake.

Siku hizo napaka ya nne, na hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote: Raizin ya MAC, kampuni iliyoanzia Toronto, Kanada, mwaka 1984. Ni wekundu wa matofali uliochanganyika na kahawia, rangi ambayo mtu aliyewahi kupaka hina atakumbuka ameiona kwenye viganja siku ya tatu, pale wekundu unapoanza kutulia. Mng'ao wake ni mdogo kiasi kwamba kwa mbali sikuuona kabisa. Wekundu na ukahawia wa namna hii kwa kiasi kikubwa ni kazi ya oksidi za chuma, jamaa za kutu tunayoiona kwenye mabati: CI 77491 ni nyekundu, CI 77492 ni manjano, CI 77499 ni nyeusi. Ni rangi zisizochujuka kwa jua wala kwa joto, na zikichanganywa vizuri zinafanana sana na rangi ambazo ngozi zetu tayari zinazo.

Katika kukaa, jambo lililonishangaza ni kwamba poda hii ilipendeza zaidi kadiri siku ilivyosonga. Poda yoyote inapolowana na mafuta ya ngozi hukolea, kama vile mchanga mkavu unavyokolea ukimwagiwa maji. Pichi yenye weupe mwingi ilipolowana ilinipa mabaka, lakini wekundu wa matofali ulipolowana uliongezeka kina tu, na saa 6 mchana mashavu yangu yalikuwa mazuri kuliko asubuhi. Jasho likija silifuti. Naikandamiza tishu taratibu na kuinyanyua, kwa sababu kusugua huondoa poda yoyote, iwe ya bei gani. Pia nimejifunza kutoipaka moja kwa moja juu ya faundesheni iliyo bado mbichi, maana hushika pale ilipogusa kwanza na kukataa kusambaa. Poda ya uso kidogo sana ikitangulia, rangi inateleza vizuri.

Mwezi Machi uso wa poda ndani ya kikasha uligandamana ukawa na ngozi nyembamba inayong'aa kama nta, na brashi ikawa haichukui kitu. Kosa lilikuwa la brashi yangu, ambayo nilikaa wiki kadhaa bila kuiosha na ilikuwa ikirudisha mafuta ya uso kwenye poda. Nilibandika selotepu juu yake kwa upole, nikaibandua, na ile ngozi ikatoka nayo. Sasa brashi naiosha kila Jumamosi kwa sabuni ya maji, naikausha ikiwa imelazwa, na kikasha nakiweka chumbani, mbali na mvuke wa bafuni. Brashi yenyewe iwe na nywele zilizotawanyika kidogo. Niliyoanza nayo ilikuwa imebanana mno, na kwa rangi kali kama hizi mbili za mwisho iliweka doa la duara ambalo lilinichukua dakika kumi kulipunguza.

Wanaojali asili ya viambato watazame kama kuna CI 75470. Hiyo ni karmini, wekundu unaotokana na wadudu wadogo wanaoishi juu ya dungusikakati, wanaofugwa kwa wingi nchini Peru, na inatumika sana katika rangi za mashavu na midomo. Wapo wasioitumia kwa sababu ya dini, wapo wasiotumia kitu chochote cha mnyama, na ni haki yao kujua kabla ya kulipa.

Pichi nilimpa mdogo wangu, ambaye ni mweupe kuliko mimi kwa mbali, na inamkaa vizuri. Ya matumbawe bado ipo kwenye droo. Taj Mahal ukiitazama utadhani imefunguliwa jana. Raizin, ambayo ina gramu 6 na ambayo nimeipaka karibu kila siku tangu Februari, imeanza kuonyesha bati lake katikati, kipande cha ukubwa wa sarafu ya shilingi 50, na nimeshaagiza nyingine.