Fundi wa betri za sola aliyekuja na mita peke yake

Benki yangu ya umeme wa sola ni betri nne za maji, volti 12 kila moja, zimefungwa kwa mfululizo. Chaji ilikuwa haikai, nikaita fundi wa kampuni iliyofunga. Jua la saa sita, paneli zinachaji, yeye akagusisha mita kwenye ncha za benki nzima na kutoa hukumu: "Mzee, hizi zimekufa zote. Andaa hela ya nne."

Zimekufa kwa kipimo kipi? Ukipima betri ikiwa kwenye chaji, unasoma volti za chaja. Zima kila kitu, ziache zitulie saa kadhaa, kisha pima moja moja: 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu. Ikisoma kama 10.5 wakati wenzake wako 12.6, shuku seli iliyopiga shoti (seli ni kimoja cha vyumba sita ndani ya betri), maana seli moja ni takriban volti 2.1.

Nikamwuliza haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi ya kila seli ukilinganisha na maji, iko wapi. Akacheka. "Hayo ya darasani, bosi." Hakufungua kifuniko hata kimoja! Seli iliyojaa husoma karibu 1.265, na ikipishana na wenzake kwa 0.050 ndiyo mgonjwa wako.

Tuseme haki: nyaya walikaza vizuri, na kwa benki kuukuu kubadilisha zote si upuuzi, kwani betri mpya ikifungwa na zilizochoka huburutwa nazo. Nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu.

Ila alipoona maji yamepungua, akatoa chupa ya asidi. Asidi! Kinachopotea wakati wa kuchaji ni maji, asidi inabaki ndani. Unarudisha maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, tena baada ya kuchaji, vinginevyo yatafurika. Mabamba ya risasi yaliyo ndani yakiwa wazi, yafunike kwanza kidogo ndipo uchaji. Asidi ya ziada hufanya haidromita isome uongo na kuyala mabamba. Nikamzuia mkono, akanuna.

Alipoondoka nikapima zote mwenyewe. Seli 23 zilicheza kati ya 1.240 na 1.255, moja 1.150. Nikaipa benki chaji ya kusawazisha, yaani chaji ya juu ya makusudi ili seli zilingane, volti 15.5 kwa kila betri, madirisha wazi kwa sababu ya gesi (betri zilizozibwa usizijaribu hivi). Ingekuwa salfa tu, ule utando unaoganda kwenye mabamba, seli ile ingepanda. Haikupanda.

Benki haijazeeka, kwa hiyo nanunua betri moja tu, badala ya ile yenye seli hiyo. Wao nyota moja, nayo ni ya dada anayepokea simu.