SIDO Dodoma kwa msindikaji mdogo: anza na barua, mkopo uje baadaye

Wengi wanaofika ofisi ya SIDO mkoa wa Dodoma huuliza swali moja: mkopo unatoka lini? Ni swali halali. Lakini kwa mtu anayesindika alizeti, karanga, zabibu au unga lishe, swali hilo lilipaswa kuwa la nne au la tano. Kuna huduma tatu pale zenye thamani kubwa zaidi kwa mtu anayeanza: mafunzo ya vitendo, ushauri wa mashine na barua ya utambulisho ya kwenda TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Tumezipima hapa kwa jicho la msindikaji mdogo, na mfano mkubwa ni alizeti, zao linalozishughulisha mashine kuanzia Kongwa na Mpwapwa hadi Kondoa na kuvuka kwenda Singida.

Kwa asiyelijua, SIDO ni Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, lililoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1973. Kazi zake ni teknolojia, mafunzo, masoko na fedha. Ubora wa hizo nne haulingani.

Mafunzo ndiyo yenye alama ya juu. Ni ya siku chache, mshiriki huchangia gharama, na mikono inafanya kazi: unakamua, unachuja, unafungasha, unabandika lebo. Kabla ya kulipia, uliza mambo mawili. La kwanza, je, mkufunzi atafundisha zao lako au usindikaji kwa jumla? Mafunzo ya jumla yanayochanganya sabuni, mishumaa na siagi ya karanga ndani ya wiki moja hukuacha na daftari lililojaa na ujuzi nusunusu. La pili, je, usafi wa eneo la uzalishaji umo? Kama haumo, utakutana nao baadaye mbele ya mkaguzi, na pale makosa yana gharama.

Wa karanga wasiondoke bila somo la sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na karanga zina hatari ileile. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Tanzania ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa sumukuvu yote, na 5 kwa aina ya B1. Kukaanga hupunguza kiasi fulani tu, hakuondoi sumu yote, kwa hiyo siagi ya karanga yenye harufu nzuri bado inaweza kuwa na tatizo. Kinga inaanzia kwenye ununuzi: karanga zilizokaushwa juu ya turubai au kichanja, zisiwe zimeloweshwa ili zibanguliwe kwa urahisi, na zilizovunjika, zilizosinyaa au zenye ukungu zichambuliwe kwa mkono na kutupwa. Hizo zilizotupwa zisigeuzwe kuwa chakula cha kuku.

Sasa barua. TBS huwapa wajasiriamali wadogo huduma ya kuthibitisha ubora wa bidhaa bila malipo katika kipindi cha kuanzia, na kinachomtambulisha mjasiriamali huyo ni barua ya SIDO. Tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula na vipodozi ulihama kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda TBS, kwa hiyo mlango ni huo mmoja. Barua haitolewi kwa maneno matupu. Afisa atataka kuona kuwa biashara ipo: jina lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ambalo kwa mtandao hugharimu Sh 20,000 na linahitaji namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa); TIN, yaani namba ya mlipakodi ya TRA, ambayo haina malipo; na eneo lenyewe la uzalishaji. Leseni ya biashara iombe halmashauri kupitia Tausi, mfumo wake wa mtandaoni. Hakikisha jina ni lilelile herufi kwa herufi kwenye karatasi zote. “Umoja Oil” kwenye BRELA na “Umoja Mafuta ya Alizeti” kwenye lebo ni sababu tosha ya kurudishwa.

Barua ikishatoka, kazi ngumu ndiyo inaanza, na hapa ndipo ushauri wa SIDO unastahili kutumika zaidi kuliko unavyotumika. Mwombe afisa aje aone jengo kabla mkaguzi wa TBS hajafika. Jengo dogo la alizeti huangushwa na mambo yaleyale: magunia ya mbegu na madumu ya mafuta yaliyokwisha kuchujwa yamo chumba kimoja, madirisha hayana nyavu, taa ipo wazi juu ya pipa la mafuta, sakafu ni ya vumbi au saruji iliyobanduka, mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa) yamerundikwa mlangoni yakivuta panya, hakuna sehemu ya kunawa, wafanyakazi hawana vyeti vya kupimwa afya. Dawa yake ni mpangilio wa mwelekeo mmoja. Mbegu ziingie mlango huu, zipite kwenye ungo, kwenye mashine, kwenye chujio, kwenye tangi, kisha chupa zitokee mlango ule. Vyumba vitatu vidogo ni bora kuliko ukumbi mmoja mkubwa. Aliyekwisha kujenga ukumbi anaweza kuugawa kwa ukuta mwepesi unaooshika.

Lebo nayo iandaliwe kabla ya kuchapwa kwa wingi: jina la bidhaa, viambato, ujazo halisi, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, jina na anuani ya mzalishaji, nchi, na namna ya kuhifadhi. Chapa chache kwanza. Kuna watu wana maboksi ya lebo stoo ambazo haziwezi kutumika kwa sababu ya neno moja. Halafu kuna suala la vitamini A: kanuni za urutubishaji wa vyakula, yaani kuviongezea virutubisho, zinagusa mafuta ya kula, na kwa mkamuaji mdogo hili ni gumu kwa sababu linahitaji kipimo sahihi na uchanganyaji wa uhakika. Liulize mapema, lisikukute njiani. Nambari ya mistari (barcode) ya kuuzia supamaketi, ile inayoanza na 620 kwa Tanzania, inatolewa na shirika la GS1, na inaweza kusubiri hadi bidhaa ithibitishwe.

Mashine. Hapa alama zinashuka kidogo, na sehemu kubwa ya sababu iko kwetu wanunuzi. SIDO huunganisha watu na watengenezaji na karakana, na mashine zinazotengenezwa hapa nchini zina faida moja kubwa: fundi wake unampata na kipuri kinaweza kuchongwa. Tatizo ni kwamba mteja huuliza bei na kuondoka. Maswali ya kuuliza ni haya. Inakamua kilo ngapi kwa saa, na kwa mbegu gani? Mota ni ya kilowati ngapi, na je, inahitaji umeme wa fezi tatu? Vijiji vingi vina laini ya fezi moja tu, na kuvuta fezi tatu kunaweza kuchukua muda na fedha zaidi kuliko mashine yenyewe. Shafti ya kukamulia ni ya chuma gani, na ya akiba inauzwa pamoja na mashine? Chujio ni la vitambaa vingapi?

Kwa nini shafti? Kwa sababu alizeti yetu huanikwa chini na kupigwa chini, na mchanga unaingia gunia moja na mbegu. Mchanga huo unasaga shafti na vyuma vya ndani kama msasa. Nafasi kati yao ikipanuka, mbegu zinapita bila kubanwa na mafuta yanabaki kwenye mashudu. Piga hesabu. Gunia la kilo 65 likitoa robo ya uzito wake ni kilo 16 na robo za mafuta. Lita moja ya mafuta ina uzito wa takribani kilo 0.92, kwa hiyo ni lita 17 na nusu hivi. Mashine ikichoka na kutoa asilimia 22, unapata lita 15 na nusu. Lita mbili kwa gunia. Kwa magunia 20 kwa siku ni lita 40, dumu mbili za lita 20 zinazokwenda kwa anayenunua mashudu yako kwa bei ya mashudu. Shika mashudu mkononi kila asubuhi: yakitoka mazito, laini na kuacha mafuta kiganjani, shafti imechoka au mbegu zina unyevu. Yakitoka unga unaonuka kuungua, mbegu zimekauka kupita kiasi au umebana mno. Ungo wa kuondoa mchanga kabla ya kukamua ni kifaa rahisi kuliko vyote kwenye kiwanda, na ndicho kinachosahaulika kwenye oda.

Mafuta yakishatoka, yapumzike kwenye tangi siku mbili au tatu machicha yazame, kisha yachujwe, na ikibidi yachujwe tena. Yenye maji na machicha huchacha haraka. Chupa ikioshwa ikafungwa ikiwa na majimaji ndani, kosa ni hilohilo. Na chupa zinazoonyesha ndani zikipangwa juani kando ya barabara ya Dodoma kwenda Singida, zinapendeza machoni huku mafuta yakiharibika.

Upande wa fedha, SIDO inasimamia NEDF, mfuko wa taifa wa kuendeleza wajasiriamali ulioanzishwa mwaka 1994. Ni mfuko unaozunguka: anachorejesha mmoja ndicho anachokopeshwa mwingine, kwa hiyo foleni ipo, na ucheleweshaji wa wakopaji wa jana ni foleni ya leo. Faida yake ni kwamba mtu mmoja mmoja anaweza kukopa, na afisa anaijua biashara yako tangu mafunzoni. Linganisha na mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ile haina riba, lakini njia yake kuu ni kikundi. Ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na Jiji la Dodoma ni miongoni mwa halmashauri 10 zilizopangiwa kuitoa kupitia benki. Mwenye kikundi kilicho hai na chenye mihutasari ya vikao aanzie huko. Mwenye kiwanda chake peke yake aende NEDF, na aulize kwa mpigo riba, ada, dhamana na tarehe ya rejesho la kwanza.

Kosa kubwa la mkopo ni kununua mashine na kubaki bila fedha ya mbegu. Mashine ya magunia 20 kwa siku, ikifanya kazi siku 25, inakula magunia 500 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya gunia ya mnadani siku hiyo, uone kama mkopo wako unafika. Usipofika, anza kwa kuwakamulia wakulima: wao wanaondoka na mafuta, wewe unabaki na ada au mashudu, na mashine hailali. Wengi waliosimama imara walianzia hapo.

Masoko ni maonyesho, na kwa Kanda ya Kati uwanja ni Nzuguni wakati wa Nanenane. Banda chini ya mwavuli wa SIDO linapunguza gharama. Nenda ukiwa na bei ya jumla iliyoandikwa na idadi ya katoni unazoweza kutoa kwa mwezi, kwa sababu mnunuzi wa maana atauliza hayo mawili, na akikosa majibu ataendelea na safari yake.

Kinachokosekana zaidi katika huduma zote ni ufuatiliaji baada ya cheti cha mafunzo. Mtu akirudi Mpwapwa na vyeti vyake, ziara moja ya afisa miezi mitatu baadaye ingeokoa viwanda vingi kuliko semina nyingine. Mpaka hapo, mteja ndiye anayepaswa kupiga simu na kuomba.

Kuhusu muda: alizeti ya kanda hii huvunwa kuanzia Mei, na bei ya mbegu huwa chini msimu unapofunguka. Usajili, mafunzo, barua, marekebisho ya jengo, ukaguzi na sampuli za maabara haviishi kwa wiki mbili. Anayefika SIDO Januari au Februari ana nafasi ya kununua Juni akiwa tayari kufungasha. Anayefika Juni atakamua, lakini mafuta yake yatauzwa kwenye madumu yasiyo na jina.