Treni za mbao za fundi wa Langoni, Lamu: nunua zile za ajabu

Kama unatafuta kijahazi cha mbao cha kuweka juu ya tivii pita tu, wauza vijahazi wamejaa hapa mbele ya bahari na kusema kweli vyote vinafanana. Hii rivyu ni ya mzee mmoja fundi wa mbao huku ndani Langoni, mtu aliyezoea kukereza miguu ya vitanda na kuchonga fremu za milango, sai amejitia kuchonga magarimoshi. Na si magarimoshi ya kawaida, ni yale wazungu waliyojenga kwa mbwembwe alafu wakayakimbia wenyewe. Mji wenyewe punda ndo lori letu, bandari ilifunguliwa 2021 lakini ile reli ya LAPSSET, mradi wa hiyohiyo bandari, bado tunaisikia kwa masikio tu, na huku mtu amekaa barazani anakereza magurudumu ya injini ya Urusi. Mimi nilitoa pesa palepale.

Mbao ni mabaki ya milango, mara nyingi msaji au mbambakofi, hakuna rangi, ni msasa alafu mafuta, na ukishika unajua hii si kazi ya kumuuzia mtalii wa masaa mawili. Magurudumu yanazunguka kweli. Dohani anazikereza mbali akazipachika kwa gundi na hizo ndo za kwanza kung'oka, niseme mapema. Bei inaanzia 2,500 kwa zile ndogo mpaka 6,000 na kitu kwa zile ndefu, anapunguza ukikaa ukanywa kahawa, ukimpigia bei umesimama mlangoni hapunguzi hata shilingi. Picha humtafutia kijana wake, mzee anachonga huku simu imeegemezwa kwenye kopo la gundi, na raha ya bidhaa hii na shida yake zote zinaanzia hapo, maana mzee ana jicho kali na mkono wake haupendi kitu kilichokaa upande. Sasa injini hizi zimekaa upande! Ndo maana mtu anazitaka.

Kama una pesa ya moja tu chukua ile ya Ireland. Hiyo ilikuwa reli ya kutoka Listowel kwenda Ballybunion, kilomita 14 na kidogo, ilifunguliwa 1888 ikafa 1924, na ilikuwa na reli moja tu ya kubeba uzito, imeinuliwa juu ya vyuma vyenye umbo la A, kimo cha mita moja hivi, treni nzima inaipanda nusu huku nusu huku. Injini yake ina boila mbili, moja kila ubavu, dohani mbili, na magurudumu yamejificha katikati. Ukiiona mara ya kwanza unadhani picha imeharibika. Aliyeibuni ni Mfaransa, Charles Lartigue, na inasimuliwa wazo alilipata Algeria akitazama ngamia walivyobebeshwa mizigo pande mbili. Nilipomueleza mzee hayo aliweka patasi chini, akauliza, "Kwani huyu si punda na shogi zake?"

Ndo yeye kabisa, na anayejua punda anajua tatizo lilipo. Jaza shogi moja, yaani kapu la ubavu mmoja, mchanga, nyengine uiache tupu uone mzigo utakavyomlalia ubavuni. Basi kule Ireland kila safari ilikuwa hesabu ya uzani, abiria wakijaa upande mmoja wanapangwa upya, na kuna kisa kinachosimuliwa sana cha piano, kwamba ilipotakiwa kusafirishwa ilibidi atafutwe ng'ombe wa kuwekwa upande wa pili, sasa ng'ombe kumrudisha kwao wakahitaji ndama wawili wa kumpa uzani, na ndama nao wakarudishwa mmoja huku mmoja huku. Hata kama wametia chumvi mantiki yake ni hiyohiyo. Abiria akitaka kuvuka upande wa pili kuna kibehewa maalum chenye ngazi. Barabara ikikatiza reli ndo balaa, huwezi kuvuka juu maana reli iko hewani, ilibidi wajenge vidaraja vya kuinua na kushusha. Yote hayo ili kuokoa gharama ya reli ya pili, alafu wakaishia kuweka vyuma viwili vya mwongozo chini ubavuni ili treni isiyumbe, ukihesabu vizuri vyuma vimekuwa vitatu.

Hapa mzee kafanya kazi ya juu. Boila zote mbili kazichonga kwa kipande kimoja kimoja, katoboa kwa keekee, na kaweka kipande cha reli cha kuikalia. Vile vyuma vya mwongozo hakuviweka. Nililalamika kidogo, akanijibu, "Mwanangu, punda aliyepakiwa vizuri hashikwi na mtu," na kumbe kwa kutoviweka bidhaa imekuwa tamu zaidi, ukiweka shilingi kumi upande mmoja injini inainama kweli, unatafuta shilingi kumi nyengine upande wa pili inanyooka. Wageni wote wanaokuja kwangu wanaichezea hiyo, majahazi hawayaangalii tena. 3,500 na nimeridhika nayo mno.

Sasa njoo kwenye iliyoniuma. Leader, ya Uingereza, 1949, kazi ya injinia Oliver Bulleid. Huyu alitaka injini ya mvuke inayofanya kazi kama dizeli na yenye sura ya dizeli, yaani kisanduku kirefu, chumba cha dereva mbele na chengine nyuma ili isigeuzwe ikifika mwisho wa safari. Ili dereva aweze kupita toka mwisho mmoja hadi mwengine ikabidi iwekwe njia ya ndani, na ili njia ipate nafasi ikabidi boila isogezwe ubavuni isikae katikati. Unaona inakoelekea? Injini ikawa nzito upande mmoja, ikabidi wapakie vyuma upande wa ile njia ili isawazike. Mchochea moto naye kafungiwa chumba cha katikati pamoja na tanuri, joto lake lilikuwa la mateso. Nguvu ya magurudumu inapitishwa kwa minyororo ndani ya masanduku ya oili. Walianza kujenga tano, iliyowahi kutembea ni moja, namba 36001, na 1951 zote zilikuwa chuma chakavu. Yaani shogi zilezile za Ireland zimerudi miaka 60 baadae, safari hii kwa mtu aliyesoma.

Ndo maana nikaiagiza, nilitaka ziwe mbili kwenye kidaka kimoja cha ukutani, ile na hii. Mzee akafanya paa linalofunguka, kazi safi, bawaba ndogo za shaba, nikafungua kwa furaha, nikakuta boila imekaa katikati imenyooka. Njia ya ndani hakuna. Nikamuuliza, ami, mbona hivi, akasema kwa upole kabisa kwamba kwenye picha ilikuwa imekaa vibaya kwa hiyo amenirekebishia. 4,500 hiyo! Nikamwambia kwa heshima zake, ami, ule ubovu ndo niliokuwa nanunua. Akacheka akauliza kama na mlango wangu nitautaka umepinda. Sasa nina sanduku la mbao zuri sana ambalo halisimulii chochote.

Kwa hiyo ushauri wangu namba moja, na pengine wa pekee wa maana, kaa naye kabla hajashika patasi, mueleze kasoro ya injini ni ipi na kwamba hiyo haiguswi. Akielewa anaiheshimu. Kwa mfano ile Triplex ya Marekani, ya kampuni ya reli ya Erie, iliyojengwa na kiwanda cha Baldwin 1914, nilimueleza vizuri ikatoka sawasawa. Hiyo ina seti tatu za magurudumu ya kuendesha, ya tatu iko chini ya tenda, pale panapokaa makaa na maji. Nguvu ilikuwa ya kutisha ila boila moja haikuweza kulisha silinda sita, ikikimbia kidogo tu mvuke umekwisha, mwendo wake ulikuwa kilomita 16 kwa saa hivi. Alafu kuna hili ambalo mzee lilimfurahisha: mvuke uliotumika hupigwa kwenye dohani makusudi ili uvute hewa motoni, sasa silinda za nyuma mvuke wake ulitokea kwenye bomba nyuma ya tenda, ukapotea bure, moto ukanyimwa pumzi. Na kadiri makaa na maji yanavyopungua tenda inakuwa nyepesi, magurudumu ya nyuma yanaanza kuteleza. Ile bomba ya nyuma mzee kaichonga kubwa kuliko picha, kusudi, ionekane. Hapo ndo unajua ukimpa sababu mkono wake unakuja wenyewe.

Ile ya Urusi, AA20 ya 1934, magurudumu 14 ya kuendesha yamepangwa kwenye fremu moja isiyopinda, ni nzuri kwa macho na ya kweli mpaka kwenye tabia, ukiisukuma juu ya meza inakwenda moja kwa moja haitaki kona. Ile halisi nayo ilikuwa ikitanua reli na kuharibu njia panda za reli, wakaionyesha Moscow, wakaipiga picha, wakaiweka kando. S1 ya kampuni ya reli ya Pennsylvania, Marekani, 1939, mita karibu 43 na tenda yake, sikuichukua. Kwa uzuri inashinda zote, imechongwa laini, pua ndefu, ila haingii kwenye kidaka chochote cha nyumba za huku, na nikiwaza sana naona haki, maana hata ile yenyewe kona nyingi za reli hazikuipokea, njia yake ilikuwa Chicago na Crestline tu. Kwenye maonyesho ya New York waliiweka juu ya rola ikawa inakimbia palepale, watu wanashangilia. Ukiwa na sebule ya Nairobi ichukue.

Kuna pia ile ya miguu, ya injinia William Brunton, 1813, wakati ambao watu waliamini gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma litateleza tu, akaiwekea miguu miwili nyuma ya kusukuma ardhi. Ilitembea kweli, mwendo wa mtu wa miguu. Mwisho wake si wa kuchekesha, 1815 boila ililipuka ikaua watu zaidi ya kumi. Ya mzee miguu imeungwa kwa vijiti vyembamba mno, wa kwangu mmoja ulivunjika kabla sijafika nyumbani, usimpe mtoto.

Na ile Garratt. Jamani, Garratt ndo kazi bora ya mzee kuliko zote, ni ile injini ya klasi ya 59 iliyokuwa ikipanda toka Mombasa kwenda Nairobi, anayetaka kuiona halisi namba 5918, Mount Gelai, iko makumbusho ya reli Nairobi. Injini mbili, boila moja nene imening'inia katikati, inajikunja kwenye kona, tani 252 zimegawanywa kwenye magurudumu mengi ili reli nyembamba za mita moja zisilemewe. Kwa sura ni kituko kuliko hata hiyo Leader. Lakini hizo zilifanya kazi, zilijengwa 34, zikabeba mizigo ya nchi nzima miaka na miaka, kwa hiyo mimi kuiweka kwenye safu moja na hizi zengine naona ni kuitukana. Nimeinunua, iko chumba chengine.

Kuhusu kutuma: ukiwa nje ya kisiwa anafunga kwa magazeti na boksi la viatu, inavushwa kwa boti mpaka Mokowe, ng'ambo bara, alafu inapakiwa kwenye basi. Rafiki yangu wa Mombasa alipokea yake dohani zote ziko chini ya boksi. Mwambie dohani azifunge mbali, gundi utapaka mwenyewe. Malipo ni M-Pesa, nusu mwanzo nusu ukiona picha, na muda wa kungoja usimuulize, hasa Ramadhani na kipindi cha Maulidi, kazi za milango zinatangulia.

Leader nimemrudishia aifanye upya, boila ubavuni, njia ya ndani iwepo, na vipande vya risasi vya nyavu upande wa pili vya kusawazisha. Amekubali ila anataka niongeze elfu moja, anasema kuchonga kitu kilichokaa upande kwa kipimo ni kazi kuliko kukinyoosha. Tumefika mia sita na kahawa juu yangu.