Uzoefu wangu: taa za zenoni kwenye Probox ya H4, Tanga

Gari ni Toyota Probox ya 2006. Kila taa ya mbele ina globu moja ya H4, fuli na dimu humo humo. Njia yake kubwa ni Tanga–Muheza–Segera, mara nyingi usiku, kwenye lami ambayo baiskeli hazina taa na lori likiharibika alama yake ni tawi la mti lililolazwa barabarani. Nilitumia seti ya zenoni (globu za gesi zisizo na uzi) ya wati 35 kwenye taa za kiwandani kwa miezi minne, kisha nikahamia projekta (taa yenye lenzi na pazia la kukata mwanga) na kubakiza balasti tu (kisanduku kinachopandisha umeme wa globu). Huu ni mwaka wa pili.

Kabla ya kununua chochote, pima volti. Washa injini, washa dimu, gusa nguzo za betri kwa mita ya volti, halafu pima nyuma ya plagi ya globu huku globu inawaka. Mimi nilipata 14.1 kwenye betri na 12.4 kwenye globu. Usiseme ni volti 1.7 tu. Halojeni (globu ya kawaida ya uzi, kama hii ya H4) ikipungukiwa volti kwa asilimia 10, mwanga wake hupungua kwa asilimia 30 hivi, kwa hiyo hapo theluthi nzima ya mwanga ilikuwa inaishia njiani: waya mwembamba, swichi ya usukani iliyochoka, na ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) iliyoota kutu ya kijani. Kwetu huku hewa ya chumvi haiachi kitu.

Dawa yake ni rilei mbili (swichi zinazoendeshwa na umeme) za ampea 30, moja ya dimu na moja ya fuli. Waya uwe wa milimita mraba 2.5, utoke betri moja kwa moja, na fyuzi ya ampea 20 ikae karibu kabisa na nguzo ya betri, maana kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Mguu wa rilei wenye namba 30 unapokea umeme, 87 unaupeleka kwenye globu, 85 na 86 zinachukua amri kutoka plagi ya zamani. Ethi mpya ifungwe kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi hadi chuma king'ae, kisha ipakwe grisi. Baada ya hapo globu ilipata 13.6. Vioo vilivyogeuka njano nilivipiga msasa wa maji namba 800, 1500, kisha 2000, nikamalizia kwa polishi na kupuliza klia (vanishi angavu). Ukiruka klia, jua litavirudisha kwenye unjano ndani ya miezi michache. Kwa halojeni zile zile gari lilikuwa jingine. Wengi wanaotafuta zenoni, shida yao ingeishia hapa.

Sasa zenoni yenyewe. H4 ya kawaida hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,000 hivi kwenye dimu na 1,650 kwenye fuli. Zenoni ya kiwandani ya wati 35, ile ya D2S, hutoa 3,200 hivi. Globu za seti za bei poa hazifiki huko. Mwanga ni mwingi, hilo halina ubishi. Swali ni unakwenda wapi.

Shika globu ya H4 uitazame kwenye mwanga wa dirisha. Ndani kuna nyuzi mbili, na ile ya dimu imekalia kijikombe cha chuma. Kijikombe hicho ndicho siri ya dimu yote: kinauzuia mwanga usiguse nusu ya chini ya reflekta (kioo cha ndani kinachorusha mwanga mbele), kwa sababu unaogonga chini ndio unaorushwa juu, machoni mwa anayekuja. Kimekatwa upande mmoja ili mstari wa mwanga uinuke kidogo kushoto na kumulika ukingo wa barabara. Globu ya zenoni ya H4 haina uzi. Ina safu ya mwanga (cheche kati ya ncha mbili) nene kuliko uzi, kwenye kapsuli moja inayovutwa na sumaku mbele na nyuma kwa milimita chache kubadilisha dimu na fuli. Reflekta ilichorwa kwa ajili ya uzi mwembamba uliokaa mahali pamoja. Ukiipa safu nene, inamwaga.

Nilipozimulika ukutani, nilichokiona ni doa kubwa jeupe lisilo na mstari. Barabarani, mita 15 za mbele ya bampa ziling'aa kama uwanja wa mpira, na huo ndio mtego wenyewe: jicho likizoea weupe wa karibu, mbali panakuwa giza zaidi. Baiskeli niliiona vizuri ikiwa karibu, wakati nilihitaji kuiona mbali. Na malori yote yalinipigia fuli nikiwa kwenye dimu. Walikuwa na haki.

Kuna mtego mwingine ambao wauzaji hawausemi. Toyota nyingi za H4 hukata upande wa ethi, yaani umeme wa chanya uko kwenye plagi muda wote taa zikiwa zimewashwa, na swichi ndiyo inayounganisha ethi. Seti iliyofungwa kwa mfumo wa kukata chanya hapo haibadilishi dimu na fuli, au inabaki fuli tu. Agiza waya wenye rilei zinazokubali mifumo yote miwili. Taa ya buluu ya fuli kwenye dashibodi nayo hufifia au haiwaki kabisa, kwa sababu ilikuwa inapata umeme kupitia uzi wa globu ambayo sasa haipo. Rizista kwenye plagi iliyobaki wazi huirudisha.

Projekta ndiyo iliyonituliza. Nilichukua ya inchi 2.5 ya globu za H1, yenye pazia la ndani linaloshuka kwa fuli. Inapita kwenye tundu la H4 na kukazwa kwa nati nyuma, reflekta haikatwi. Taa hufunguliwa kwa kulainisha gundi yake kwenye oveni ya nyuzi 100 hivi kwa dakika kumi (mwenye oveni akubali kwanza, harufu hubaki), na hufungwa kwa gundi mpya ya butili. Hapo usibane matumizi. Ufa mdogo tu na mvua za masika zitakugeuzia taa kuwa tangi la samaki. La muhimu kuliko yote: ununue ya nchi za kuendesha upande wa kushoto wa barabara, kama yetu. Nyingi sokoni ni za nchi za kuendesha kulia, ngazi ya mwanga wake hupanda kulia, na hapa kulia ndiko anakotoka mwenzio. Kabla ya kukaza nati ya mwisho, washa na uzungushe mpaka mstari ukae sawa.

Kulenga: ardhi tambarare, upepo wa tairi sahihi, mtu kwenye kiti cha dereva, mita 5 kutoka ukutani. Kama katikati ya taa ni sentimita 70 kutoka chini, mstari ukae kwenye 65. Ukipakia magunia ya machungwa Muheza, pua ya gari inainuka na hesabu yote inavurugika. Ndiyo maana Ulaya taa za zaidi ya lumeni 2,000 hulazimishwa kujirekebisha zenyewe. Mimi nateremsha kwa mkono.

Rangi ya mwanga, inayopimwa kwa kelvini, chukua 4300. Za 8000 zina ubuluu wa kupendeza picha, lakini mwanga ni haba, na kwenye ukungu wa njia ya kwenda Amani, milimani Usambara, utajuta.

Balasti moja ilikufa mwezi wa tisa, maji yaliingia. Ifungwe kwenye chuma, juu, waya ukitazama chini. Waya mnene wa kwenda kwenye globu usiukate wala kuurefusha, na usiushike taa ikiwaka: wakati wa kuwasha hupita volti zaidi ya 20,000. Taa moja ikikataa, hamisha globu upande wa pili. Ubovu ukihama nayo, ni globu. Ukibaki, ni balasti. Globu badilisha zote mbili, maana kuukuu huelekea zambarau na hazitalingana tena. Kioo chake usikiguse kwa vidole.

Halojeni zangu za zamani pamoja na plagi zake ziko kwenye kisanduku cha dashibodi, ndani ya soksi.