Miaka Sita na Nikon D7200 Kwenye Shughuli za Wanawake Tanga

Napiga picha za shughuli za wanawake hapa Tanga: singo, kesha la hina, kicheni pati, na siku yenyewe ya biharusi kutolewa nje. Ni kazi ambayo mwanaume haingii. Mle chumbani watu wameshavua mabuibui, nywele wazi, ngoma inapigwa, na mwenye shughuli anataka kumbukumbu ya yote hayo huku ana hofu moja tu: picha zisije kuonwa na wasiohusika. Kwa hiyo nilipotafuta kamera, swali langu la kwanza halikuwa idadi ya megapikseli. Nilitaka kujua picha nikishapiga zinakaa wapi, na nani anazishika.

Kamera niliyoichagua, Nikon D7200, ina nafasi mbili za kadi. Nimeiseti RAW (faili ghafi za kusafishwa kwenye kompyuta) ziende kadi ya kwanza na JPEG (picha zilizo tayari kutazamwa) kadi ya pili. Shughuli ikiisha, kabla sijavaa viatu, naitoa ile ya pili na kumkabidhi mama wa biharusi mkononi. "Mama, kadi yenu hii." Picha zake zote anazo usiku uleule, hazijapita kwenye simu ya mtu wala kwenye intaneti. RAW nakwenda nazo kusafisha na kupanga albamu, na siku ya kukabidhi albamu naifuta kadi yangu mbele yao. Kazi nyingi nilizopata Ngamiani na Makorora zimetokana na jambo hilo, akina mama wanaambiana.

Mwaka 2017 Nikon walipotoa D7500 kumrithi D7200, nilivutiwa kweli. Skrini yake inakunjuka na inaguswa, video ni 4K, inapiga picha 8 kwa sekunde. Ila kadi ni moja. Kwa mpiga picha wa ndege au wa mpira huenda si kitu. Mimi hapo ndipo nilipoishia, nikatafuta D7200 ya mkononi.

Niliinunua mwaka 2019 kwa mtu, na hapa msomaji anayetaka ya mtumba anisikilize. Muuzaji alinihakikishia imepiga picha zisizozidi 10,000. Kila picha ya D7200 hubeba ndani yake hesabu ya shata, yaani kipazia kinachofunguka na kufunga kila unapopiga, na kuna programu za bure za kuisoma. Nikapiga picha moja, nikaisoma papo hapo kwenye kompyuta: 38,000 na ushee. Shata ya D7200 imejaribiwa kiwandani hadi mara 150,000, kwa hiyo bado ilikuwa na umri, lakini bei ilibidi tuanze kuzungumza upya. Usitoe pesa kabla ya kuisoma namba hiyo.

Sasa picha zenyewe. Kihisi chake, yaani sehemu inayonasa picha, ni cha ukubwa wa APS-C (kidogo kuliko fremu ya filamu ya 35mm) na cha megapikseli 24.2, na kinachonifurahisha zaidi ni namna kinavyohifadhi vivuli. Fikiria biharusi mweusi tititi, shela jeupe, dhahabu shingoni, na dirisha nyuma yake. Ukiifuata kamera ilivyopima mwanga, ama shela linaungua likawa karatasi tupu, ama uso unazama. Mimi napunguza mwanga kidogo, kati ya theluthi mbili ya stopu na stopu moja (stopu moja ni kupunguza mwanga nusu), nalilinda shela, kisha nyumbani nafungua vivuli kwenye RAW. Kwenye ISO ndogo (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ngozi inarudi safi kabisa, rangi yake haigeuki majivu. Dada zangu wengi wamepigwa picha miaka na miaka wakatoka kama kivuli chenye meno, wakaambiwa kwamba hawapendezi kwenye picha. Si kweli. Ni mwanga na mashine, na mashine hii ukiielewa inawatendea haki.

Usiku mpaka ISO 3200 natumia bila wasiwasi. 6400 inafaa kwa picha ya albamu, kwa bango sitathubutu. Kamera inakwenda hadi 25,600 lakini huko chenga zinajaa, mimi siendi.

Fokasi yake ina pointi 51, na 15 za katikati ndizo zenye nguvu kwa sababu zinasoma mistari ya wima na ya mlalo pamoja. Nikon wanasema inafanya kazi hadi EV -3 kwenye kipimo cha mwanga, yaani giza la kukaribia mbalamwezi. Kwenye kesha la hina, taa imepunguzwa, fundi kainamia mguu wa biharusi anachora piko, naweka pointi ya katikati kwenye ncha ya mkono wake na inashika. Jicho langu likiwa kwenye kitundu cha kutazamia naona fremu nzima, asilimia 100, kwa hiyo hakuna kichwa cha mtoto kinachochungulia pembeni bila mimi kujua.

Jambo la bei sasa, kwa wanaoanza. Bodi hii, yaani kamera bila lenzi, ina mota yake ya kusukuma fokasi ya lenzi za zamani za AF-D. Kamera za Nikon za ngazi ya chini, zile za mfululizo wa D3000 na D5000, hazina mota hiyo. Maana yake ni kwamba lenzi ya 50mm f/1.8D ya mkononi, kitu kidogo chepesi cha bei ya chini, kwenye D7200 inafokasi yenyewe. Inalia kidogo inapozunguka, lakini picha za uso inazotoa nazipenda sana. Chumba kikiwa finyu inabana mno, hapo natumia lenzi ya 35mm, inayoona kwa upana zaidi.

Betri ni moja ya sababu ninalala usingizi. Kwa vipimo rasmi inapiga picha 1,110 kwa chaji moja, na umeme ukikatika shughuli inaendelea. Ila nunua betri halisi. Nilishawahi kununua ya kuigiza dukani, ikaonyesha nusu, dakika chache baadaye ikazima biharusi akiwa ndiyo kwanza anatoka chumbani. Bahati nilikuwa na nyingine mfukoni.

Udhaifu upo, na mwingine ni mkubwa.

Video nimeacha kabisa kuifanya kwa kamera hii. Mwisho wake ni 1080p, na ukitaka fremu 60 kwa sekunde lazima ikate picha kwa mara 1.3, yaani chumba kidogo kinazidi kuwa kidogo. Ukitazama kwa skrini badala ya kitundu, fokasi inatafuta kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, na mtu anayecheza taarab haisubiri fokasi. Mteja akitaka video naenda na dada mwenzangu mwenye kamera nyingine. Kama kipato chako kinategemea video, usiinunue.

Skrini haikunjuki. Mimi si mrefu, na wakati wa kutunza wanawake wanamzunguka biharusi duara tatu. Nainua kamera juu ya vichwa na napiga kwa kukisia. Nyingi zinakuwa za kutupa.

Taa za LED za kumbi zetu nazo zinasumbua. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo taa za ubora wa chini zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na D7200 haina njia ya kulikwepa hilo kwenye picha za kawaida. Ukipiga kwa kasi kubwa unapata mistari ya giza kwenye ukuta. Dawa ninayotumia ni kasi ya shata ya 1/100 ya sekunde, au flashi. Tena kihisi hakina kichujio cha kulainisha, picha inakuwa kali sana, lakini kwenye neti nyembamba ya shela mara nyingine vinatokea vimistari vya rangi visivyokuwepo.

Na sauti. Kuna hali ya utulivu iliyoandikwa Q, inapunguza, haimalizi, kwa kuwa kioo cha ndani lazima kipande na kushuka. Biharusi anapoulizwa kama ameridhia, chumba kizima kimenyamaza, wengine wanalia. Pale napiga picha tatu tu, naishusha kamera.

Uzito ni gramu 765 bila lenzi. Weka lenzi na flashi, ifike saa saba usiku, mkono unakwambia.

Hesabu ya shata yangu sasa imepita 120,000. Sijaona dalili ya kuchoka, lakini nimeanza kuulizia bodi nyingine ya D7200 iliyotunzwa, ikae kabatini na vifuko vya kunyonya unyevu, maana kuvu ya pwani hii haichagui kamera.