Darasa la neno "hesed" Moshi mjini: mwalimu yuko vizuri, kopi zirekebishwe

Darasa hili la Jumamosi karibu na Mnara wa Saa huchukua neno moja la Kiebrania na kulichambua kwa saa mbili. Tathmini hii inahusu "hesed", ambalo mara nyingi hutafsiriwa "fadhili".

Ukisoma Biblia ya Kiswahili ya Union Version peke yake, neno hili hulioni, maana limetawanyika: Zaburi 136 ni "fadhili", mara 26, Mika 6:8 ni "rehema", Isaya 40:6 ni "wema". Mwalimu anaanzia hapo, na hapo ndipo penye faida kubwa. Kila mtu anafungua mistari, anaandika neno la Kiswahili alilolikuta, kisha anajiuliza: nani anamtendea nani, na kati yao kulikuwa na agano gani? Mkifika 2 Samweli 9, jibu liko wazi. Daudi anamketisha Mefiboshethi mezani pake kwa sababu alimwapia Yonathani, baba wa Mefiboshethi. Siku hizi tukisikia fadhili tunamfikiria mfadhili, anayeleta msaada na kuondoka. Hesed ni wema wa mtu aliyefungwa na ahadi, na mwalimu anaionyesha tofauti hiyo vizuri sana.

Shida ni kopi za maandishi ya Kiebrania. Zimefifia, na neno hili halivumilii wino hafifu. Herufi yake ya mwisho, daleti, ina kona iliyochomoza juu kulia. Kona ikifutika inasomeka reshi, herufi nyingine, na hapo umepata mzizi wa kupungukiwa, ule wa "sitapungukiwa na kitu" katika Zaburi 23:1. Fadhili yenyewe iko mstari wa 6 wa zaburi hiyohiyo! Koleza kona kwa kalamu kabla ya kuanza.

Karatasi ya maana nayo inapotosha. Imefuata itifaki ya Strong ya mwaka 1890, yaani orodha ya maneno ya Biblia ambamo kila neno la Kiebrania lina namba yake. Namba ya hesed ni 2617, na inabeba pia Walawi 20:17 na Mithali 14:34, mahali neno linapomaanisha aibu. "Aibu" imepangwa pamoja na "fadhili" bila onyo lolote. Mhubiri akizimwaga zote kwenye Zaburi 136 ameharibu somo.

Anayetumia programu ya Kiebrania kwenye simu ajue kwamba namba za mistari zinaweza kutofautiana: Zaburi 51:1 ya kwetu, yenye neno hili pia, kule ni mstari wa 3, kwa sababu kichwa cha zaburi nacho kinahesabiwa.

Wainjilisti na walimu wa shule ya Jumapili watafaidika hapa. Sarufi haifundishwi.